Sarafu juu ya Injini

"Injini hizi zimechoka, mama. Boti ya mtumba hii, natoa nusu bei," alisema mnunuzi, na hata mfuniko wa injini alikuwa hajaufunua.

"Kubali, shemeji," mdogo wa marehemu mumewe akamnong'oneza. "Miezi minne hajaja mwingine."

Mjane akaufunua mfuniko. Kwa miaka kumi na sita mumewe alipeleka wageni kuvua samaki wakubwa na kupiga picha huko juu, naye mkewe alikuwa huku chini kwenye injini, akibadilisha oili na kusugua kila nati kama jino la mtoto.

Akawasha injini zote mbili.

"Nipe sarafu."

Mnunuzi akampa huku akicheka. Mjane akaisimamisha kwa ukingo juu ya injini inayonguruma, kisha akaondoa mkono.

Sarafu ikasimama wima, injini haitikisiki hata kidogo. Mnunuzi akainama, akabana pumzi, akingoja ianguke. Wapi!

Mjane akaichukua, akaitumbukiza kwenye mfuko wa ovaroli.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Hiyo ya kiingilio, kaka. Ukitaka na boti, bei unaijua."