Meno ya Chini

Mochwari, polisi alishashika kalamu kuandika jina la Tajeu, kijana aliyepotea wiki mbili. Sweta la kijani lililokutwa kwenye maiti alilifuma mama yake. Nyumbani Ngaramtoni majirani walishajaa, na wali ulikuwa jikoni.

“Mama, thibitisha tu,” polisi alisema.

“Subiri, baba. Daktari, mfunue mdomo.”

Daktari aliuvuta mdomo wa chini kwa kidole chenye glavu. Meno yalikuwa kamili.

“Tajeu aling'olewa mawili ya chini akiwa mdogo, kama sisi wote kwa mila yetu,” alisema mama, akionyesha pengo lake. “Huyu ana mama mwingine. Mtafuteni.”

Akapiga simu nyumbani.

“Wifi, wali waleni, kilio kiacheni. Mwanangu kagawa sweta tena.”