Piko kwenye Singa za Johari

Mwanatumu alimshika farasi wake mashavu, mifupa ikamchoma viganja. Mwezi mzima alikuwa akimchanganyia unga wa madini kwenye pumba, kama majibu ya kipimo cha nywele yalivyosema, na Johari alizidi kukonda.

Daktari wa mifugo alilowesha pamba kwa spiriti, akazisugua singa za shingoni. Pamba ikawa nyeusi tii.

“Nywele mlizoniletea nipime, mlizikata hapa?”

“Alizikata kaka.”

“Basi, bibie, madini niliyoyaona ni ya piko, hii rangi nyeusi ya nywele. Farasi mwenyewe bado sijui anakosa nini.”

Mwanatumu akamgeukia kaka yake, Shebe, aliyekuwa akifunga shanga kwenye hatamu. Bwana harusi aliyemkodi Johari alikuwa njiani kuja kumpanda.

“Umempaka piko ukanyamaza? Ukanitazama tu nikimlisha vitu asivyovihitaji?”

“Punguza sauti, Mwanatumu. Nani atapanda farasi mwenye mvi siku ya harusi yake?”

“Na apande mgongo wako!”

Akampokonya daktari mkasi, akaanza kuzifyeka singa, mafungu meusi yakimwangukia Shebe miguuni.

“Una wazimu wewe! Watu hao wanakuja!”

Zumari lilikuwa limeshaingia mtaani. Mwanatumu hakuinua kichwa. Karibu na ngozi nywele zilitokea nyeupe. Hizo alizikata taratibu, akazitia kwenye kiganja cha daktari.

Mlango ukagongwa. Johari akageuza shingo yake tupu, akakinusa kile kiganja.