Shangazi Amependeza

"Nipige vizuri, mwanangu, usinitoe kama mzuka," shangazi alisema, akajiweka sawa kitini, mbele ya mlango wake. Alikuwa amejipaka wanja na kuvaa lile gauni la kwendea harusi za watu.

Mpiga picha akajifanya anafuta lenzi. Dalali alikwishamwambia kinagaubaga kwamba kwenye picha za nyumba ya kuuzwa hataki kuona mtu. Watoto wa shangazi ndio waliompelekea dalali shauri hilo la kuuza nyumba; mama yao hawakumdokezea hata neno. Na kwa kijana huyu wa kamera, hii ndiyo kazi ya kwanza ya maana tangu aache studio na kuanza kujitegemea.

"Tabasamu kidogo, shangazi."

Shangazi akatabasamu mpaka pengo likaonekana. Kijana akaielekeza kamera juu ya kichwa cha shangazi, kwenye fremu ya mlango, pale rangi ilipobanduka kwa kushikwa na mkono ule ule kila asubuhi. Akabonyeza.

"Hebu nione. Nimetokeaje?"

Kijana akaikumbatia kamera kifuani. "Umependeza, shangazi."

"Basi ukiisafisha iwe kubwa," akasema, "maana nitaitundika hapa hapa nyumbani, sebuleni."