Kasi Aliyoipandisha Radhia

Kompyuta iliganda tena kwenye ukurasa wa pili, na mashine ya kuchapa nukta nundu ikanyamaza.

"Fundi Radhia, watahiniwa wangu wanane wameshakaa," alisema Mwalimu Kombo, ambaye, kama wao, haoni. "Mtihani ni saa nne."

"Najua, Mwalimu."

"Wiki iliyopita uliniambia itakimbia kama swala."

Ni Radhia mwenyewe aliyeipandisha kompyuta kasi, ili kumfurahisha. Aliiwasha upya, akaingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya kompyuta, akapunguza kasi ya prosesa, ubongo wake, kwa mara ya nne. Ikaganda. Alitamani kuipiga teke. Alipoingia tena ndipo akauona mstari wa chini: kasi ya njia za data za madabodi, ubao mkuu unaounganisha sehemu zote. Wiki ile alikuwa ameipandisha hiyo pia, kisha akaisahau. Kwa aibu, alirudisha vyote kama vilivyotoka kiwandani.

"Itajikokota kama zamani, Mwalimu."

"Ijikokote tu, mradi isilale."

Mashine ikaanza kugonga. Ukurasa wa pili ukatoka polepole, mstari kwa mstari. Kombo akaweka vidole juu ya karatasi, akasoma hadi nukta ya mwisho iliyokwisha kuchapwa, akavisimamisha hapo, akiisubiri inayofuata.