Siku ya Kufunga Dirisha la Usajili

Tangu nchi zianze kuuziana raia kama klabu zinavyouziana wachezaji, Chivatsi habanduki redioni siku ya kufungwa kwa dirisha la usajili. Majirani ambao watu wao wameuzwa wakilia, yeye huwaambia, "Timu haijengwi kwa huruma."

Jioni hiyo mtangazaji alisema taifa limenasa mhandisi wa umeme wa kutajika, kwa kubadilishana na mkunga mmoja. Chivatsi aliruka, akapuliza vuvuzela mpaka mbwa wakabweka. Jina la mkunga likazama humo humo kwenye kelele zake.

"Wamemtoa nani?" akauliza, bado anacheka.

Mkewe Mezaa, mkunga wa zahanati ya mtaa, alikuwa amelisikia vizuri.

"Njoo jikoni, Baba Sidi," alisema taratibu. "Njoo nikufundishe kusonga ugali."