Hereni ya Bi Zuwena

Sheria inataka kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, avae hereni inayopima vimeng'enya vinavyobadili protini za mishipa ya ubongo. Mishipa ikilemewa, hereni inageuka njano kabla kiharusi hakijapiga.

Ya mama mkwe wangu, Bi Zuwena, ilikuwa ikigeuka kila jioni. Nilimpunguzia chumvi, nikamfichia kahawa, wapi! Leo nikakaa naye tuchambue mchele, nione kinachomsibu. Hereni ilibaki nyeupe mpaka mume wangu, Haroub, alipopiga hodi.

"Karibu, mwanangu," aliitikia kwa tabasamu, huku akivuta kanga kufunika sikio.

"Mama, unamwogopa?" nilinong'ona.

Akanitazama sikioni, akanitupia kanga ya pili.

"Funika na yako, mwanangu. Anaingia."