Sahani za Inchi Nane

Pei-shan alikataa tena kuhamia jengo jipya. Rafiki yake wa zamu, Ya-ling, akashika kiuno.

"Shoga, kule mshahara mnono. Hapa unang'ang'ania nini, kama si yule mzee wa tanuri? Rika la baba yako."

"Najua," Pei-shan alisema.

Kiwanda kizima cha chipu za kompyuta pale Hsinchu, Taiwan, kilijua. Mle ndani kila mtu huvaa meupe toka kichwani hadi miguuni, yakabaki macho tu, na begani namba badala ya jina. Lakini macho ya Pei-shan hayakujua kuficha. Mwenyewe ndiye aliyeomba apangwe jirani na fundi wa tanuri, Kuo-liang, ampokeze mkono kwa mkono makasha ya sahani za silikoni zinazokatwa chipu. Mzee akisema, "Taratibu, binti," siku yake ilikuwa imekwisha vizuri. Nje alimkwepa kwa haya, na nyumbani hakuthubutu kumtaja mbele ya mama yake.

Asubuhi moja mkurugenzi aliingia, naye kavaa meupe, akatambulikana kwa kitambi. Sahani ya inchi kumi na mbili ya jengo jipya, alisema, inatoa chipu zaidi ya mara mbili ya hii ya inchi nane, na gharama haipandi kiasi hicho. Washindani wote wamehama, anayebaki anauza kwa hasara. Makasha ya sahani kubwa ni mazito, yatabebwa na roboti za darini. Mashine hizi zimeuzwa ng'ambo, na Kuo-liang anatangulia jioni hiyo kwenda kuzipokea na kuzifunga huko.

"Mwambie leo, ujue mbivu na mbichi," Ya-ling alimnong'oneza.

Pei-shan alilia chooni hadi zamu ikaisha. Kisha akasimama nje ya chumba cha kubadilishia nguo, bila barakoa. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limeshawasha injini.

Kuo-liang alitoka na begi lake. Akamwona, akasimama. Pei-shan alifungua kinywa, machozi yakamtangulia.

"Usilie," mzee alisema, naye machozi yanamtoka. "Macho hayo ni ya mama yako, nilikutambua siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu ungejua mimi ndiye niliyewatupa, ungeomba wakuhamishe."

"Nilijua kabla sijaomba kazi hapa, Baba."